Kabati limejaa sare, gauni lake mwenyewe liko wapi?

Jumamosi asubuhi Suji, kwenye milima ya Upare wilayani Same, ni siku ya kuvaa. Ukungu haujaachia vilele lakini njia za kwenda kanisani zimeshajaa watu. Gauni zilipigwa pasi jana yake kabla jua halijazama, maana Sabato ikishaingia pasi haishikwi. Viatu vizuri vinasafiri ndani ya mfuko mpaka karibu na kanisa, kwa kuwa matope ya mlimani hayajui heshima ya kiatu cha ibada.

Jumapili asubuhi mama yuleyule yuko shambani. Amevaa fulana ya kampeni ya uchaguzi ambao matokeo yake watu wameshayasahau, na sura ya mgombea imepasuka kifuani. Kiunoni kuna khanga iliyochuja. Juu yake sweta la shule la mwanawe aliyemaliza kidato cha nne miaka mingi iliyopita.

Shamba ni shamba, hakuna anayepaliliwa na gauni la kanisani. Tatizo linaanza pale anapoitwa mahali palipo katikati ya siku hizo mbili: kikao cha wazazi shuleni, mkutano wa kijiji, benki Same mjini, au safari ya kumwona binti aliyejifungua Dar es Salaam. Hapo ndipo mama wa miaka 48 anaposimama mbele ya kabati na kusema hana nguo, wakati mlango wa kabati haufungi kwa kujaa.

Kamati ilishachagua

Limejaa nini? Kuna kitenge cha sendoff ya binti wa jirani. Kuna cha msiba wa baba mkwe, cha harusi ya mtoto wa shangazi, cha kwaya, cha kikundi cha kuweka na kukopa, cha ugeni wa mchungaji. Kila kimoja kina jina la shughuli yake, na akikitazama anakumbuka siku, chakula, hata nani alinuniana na nani. Lakini akihesabu vizuri anaweza kufika nguo kumi na tano bila kukuta moja ambayo rangi yake aliichagua yeye. Rangi ilichaguliwa na kamati. Mshono ulichaguliwa na kina dada wa ukoo kwa picha iliyozunguka kwenye simu. Khanga nazo aliletewa, na ujumbe ulioandikwa pale chini ulikuwa wa aliyeleta.

Sare ina heshima yake. Kwenye msiba, kitenge kimoja kinafuta tofauti kati ya aliyetoka Dar na gari lake na aliyeshuka mlimani kwa miguu. Mfiwa akitazama mbele anaona watu wake, hahitaji kuuliza. Ila kamati za siku hizi zimezidi. Shughuli moja inaweza kuwa na sare mbili, ya siku na ya kuamkia, na mama analipa zote kwa sababu kutolipa ni kujitangaza. Fedha ya nguo ya mwaka mzima inaishia hapo. Akiulizwa anapenda rangi gani, anafikiri kidogo kisha anajibu, "Yoyote tu."

Hiyo "yoyote tu" haikuanza jana. Mwanamke anayefikisha miaka 50 sasa alizaliwa katikati ya miaka ya 1970. Mama yake alikuwa msichana au mke kijana wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1, 1969 na kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Vurugu zake zilikuwa zaidi Dar es Salaam, lakini ujumbe ulipanda mpaka milimani: mavazi ya mwanamke ni jambo ambalo wengine wanaweza kukaa kikao na kuliamua.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na viwanda vya nguo, Urafiki kikiwamo, vikakosa vipuri na malighafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 khanga ilikuwa kitu cha kupangiwa foleni na mgawo. Mtoto wa wakati huo alikuwa na gauni la shule na gauni jingine, basi. Hilo jingine liliwekwa sandukuni pamoja na vidonge vya nafthalini likisubiri siku yake, na mara nyingi siku ilipofika mwenyewe alikuwa ameshalikua, likaenda kwa mdogo wake. Mitumba ilipofurika kuanzia katikati ya muongo ule, biashara ilipofunguliwa, nguo zilipatikana. Tabia ya sanduku haikuondoka. Ndiyo maana mama huyu akiletewa gauni zuri leo hulikunja, hulirudisha kwenye mfuko wake, na hulihifadhi mpaka limbane.

Watani wa Wapare husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hakuna utani unaosema atauza hata jogoo kwa ajili ya gauni.

Mwili umehama, nguo zimebaki

Kati ya miaka 45 na 55 wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi, na mwili huanza kubadilika hata kabla ya hapo. Uzito unahamia tumboni. Kifua kinabadilika. Mguu wa aliyezaa mara kadhaa mara nyingi si namba ile aliyoolewa nayo. Usiku kuna jasho, mchana kuna joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani mpaka usoni, hata kama nje ni baridi ya Suji ya mwezi wa saba.

Na baridi hiyo ndiyo inayofanya mavazi ya mlimani yawe na hesabu yake. Kutoka Suji kushuka Makanya, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, ni kama kubadilisha nchi. Juu ni ukungu na sweta, chini ni mkonge, vumbi na jua kali. Mama anayekwenda Same huondoka amejifunika kama anakwenda kulala na hufika akiwa amelowa jasho. Akiongeza joto lake mwenyewe la umri, sweta zito moja linakuwa adui. Likivuliwa, ndani kuna kile ambacho hakukusudia kionekane.

Kinachomfaa ni nguo za tabaka: gauni au blauzi nyepesi ya pamba ndani, kisha kikoti kinachofunguka mbele, kisha mtandio mkubwa au khanga ya kujifunika asubuhi na kukunjwa mkobani mchana. Kitambaa cha nailoni hung'aa vizuri dukani lakini kinazuia jasho. Pamba inapumua. Sidiria ya kipimo cha miaka 30 inabana mbavu, inakata mabega na kuharibu hata gauni zuri. Hiyo ndiyo nguo ya kwanza kubadilishwa, ingawa hakuna atakayeiona. Viatu vifuate. Mwenye magoti yanayouma kwenye mteremko anahitaji soli yenye meno na kisigino kifupi na kipana. Kiatu cha namba ndogo hakiwi kikubwa kwa kuvumiliwa.

Kuna jambo moja ambalo halihusiani na kabati. Hedhi ikishakoma mwaka mzima halafu damu ikatoka tena, hiyo ni safari ya kituo cha afya, haraka, wala si ya kuzungumzwa na majirani kwanza.

Wengi hukutana na mabadiliko haya kama vile wamekosea. Nguo zinapobana, lawama inaangukia mwili. Mama anaanza kukaa nyuma kwenye mikutano na kuficha tumbo kwa khanga ya pili. Akipigwa picha anajisogeza nyuma ya wajukuu. Mwalimu wa darasa la nne anasubiri mzazi kwenye kikao, mzazi anamtuma mtoto mkubwa kwa sababu "sina cha kuvaa". Mtoto mkubwa hajui kilichoulizwa, na jibu halirudi. Hapo nguo imeshakuwa suala la elimu ya mtoto.

Mbele ya fundi

Kwa wengi safari ya kurudi huanzia kwa fundi cherehani, na si kwa ununuzi mkubwa. Mwanamke aliyeshonewa sare kwa miaka ishirini amezoea vipimo vya haraka, wakiwa kundi, fundi akiandika kwenye daftari majina kumi kwa mpigo. Kwenda peke yake ni jambo jingine. Kibandani kuna vijana wanaosubiri suruali zao zipunguzwe. Fundi ana mazoea ya kutamka inchi kwa sauti ili msaidizi aandike. Wengine hukatisha hapo hapo, wakasema watarudi kesho. Fundi mwenye busara hupima pembeni na kuandika mwenyewe bila kutangaza. Asiyefanya hivyo anaweza kuombwa, na mama ana haki ya kumwomba.

Kipimo kichukuliwe kwa mwili ulivyo siku hiyo. Kosa la kawaida ni mama kumwambia fundi abane kidogo kwa kuwa "nitapungua". Gauni linashonwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, kisha linaungana na mengine kabatini. Kama anatarajia kupungua, gauni litapunguzwa baadaye. Kupunguza ni rahisi, kupanua kitambaa ambacho hakipo hakuna fundi anayekuweza.

Kitambaa anacho tayari. Sare zile kumi na tano ni mtaji. Kitenge cha sendoff kilichoshonwa gauni refu la kuburuza hufumuliwa kikawa sketi na blauzi. Viwili vya misiba tofauti, vikilingana rangi ya chini, hutoa gauni moja ambalo hakuna mwingine kijijini aliye nalo. Kazi ya fundi hulipwa, lakini si sawa na kununua pisi mpya ya kitenge. Na kuna utamu wake katika kukaa sakafuni jioni na wembe, ukifumua uzi wa nguo ya kamati.

Njia nzuri ya kujua anachotaka ni kubeba kwa fundi nguo moja anayoipenda, hata kama imeisha. Kila mwanamke anayo. Huenda ni gauni la mtumba lililonunuliwa kwenye gulio bila kupangwa, lenye shingo iliyomkaa au rangi ya kijani iliyowafanya watu wamuulize kama amelala vizuri. Anunue nyingine ya aina hiyo au fundi aige mshono wake. Picha za mishono kutoka kwenye simu hazikatazwi, ila aliyepigwa picha hapandi mlima na mzigo wa majani mgongoni. Mabega yale mapana yaliyosimama kama mbawa hupendeza ukumbini na hunasa kwenye kamba ya mzigo.

Fundi atauliza pia kuhusu urefu, na hapo mama wa Suji hana haja ya kubishana na kanisa lake. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walianza kazi Upare Kusini mwaka 1903, na Suji ikawa mojawapo ya vituo vyao vya zamani. Waumini wamekua na mafundisho ya mavazi ya kiasi, nadhifu, yasiyotegemea hereni wala dhahabu. Mtu wa mbali anaweza kudhani mahali kama hapo hakuna nafasi ya mtindo. Ni kinyume chake. Pasipo na hereni wala mkufu wa kusaidia, kazi yote inabaki kwa kitambaa, rangi na mkato, na gauni lililokatwa vibaya halina pa kujificha. Wanaofikiri unadhifu ni majivuno wasome tena Mithali 31: mke mwema anayesifiwa pale hakuvaa matambara, alijitengenezea nguo za kitani na zambarau. Na Dorkasi wa kitabu cha Matendo, ambaye vikundi vya kina mama kanisani vimebeba jina lake, alikumbukwa na wajane kwa nguo alizowashonea. Walisimama wakilia na kuzionyesha. Hakika hazikuwa mbovu.

Swali la nyumbani

Gauni likishakamilika, kuna maswali. Jirani atauliza kwa kucheka, "Mama, kwani leo kuna nini?" Mume atauliza kwa kutocheka. Mwanamke wa miaka 50 anayeanza kujipenda huzua maneno kuliko msichana wa 20, na mume anayeambiwa na wenzake dukani kwamba mkewe "siku hizi amebadilika" hurudi nyumbani amenuna bila kueleza. Ndoa nyingine zimefika kwa wazee wa kanisa kwa jambo lililoanza na gauni.

Kinachosaidia ni kutofanya siri. Mama anayeficha bei, akasema kitambaa alipewa na dada yake, ameshatengeneza kesi, na kwa Wapare kesi haikosi msikilizaji. Bora aseme mapema kwamba mzunguko ukifika kwake, kiasi fulani ni ada, kiasi ni mbolea na kiasi ni gauni. Zaidi ya hapo, baba mwenyewe atazamwe. Koti lake la harusi la mwaka 1998 bado linamsubiri kwenye msumari, suruali anazovaa ni zile kijana aliyeko Arusha alizozichoka, na ukosi wa shati umegeuzwa mara mbili. Naye mwili wake umehama. Fundi mmoja anaweza kuwapima wote wawili kwa siku moja, na mara nyingi manung'uniko huishia hapo.

Watoto walioko mjini nao wana sehemu. Kila Desemba na kila msimu wa makambi, mabegi yanapanda Suji yakiwa na madera kutoka Kariakoo na mitumba ambayo mabinti hawaitaki tena. Nia ni njema. Lakini dera la saizi moja kwa watu wote linamwambia mama kwamba hana umbo linalostahili kupimwa, na nguo ya binti wa miaka 25 inamkumbusha asichokuwa nacho. Kabla ya kununua, ni simu ya dakika mbili: "Mama, unapenda rangi gani?" Akijibu yoyote tu, aulizwe tena. Au atumiwe fedha ya fundi, aende mwenyewe.

Mfano wa nyumbani upo. Septemba 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake mjini Beijing, kuanzia tarehe 4 hadi 15, na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mwalimu aliyezaliwa Ukerewe Septemba 13, 1945. Alitimiza miaka 50 mkutano ukiwa unaendelea. Alionekana mbele ya dunia kwa magauni ya vitenge na vilemba, mavazi ambayo mama yeyote wa Kitanzania angeyatambua, hakuazima suti ya mtu. Waliomwita Mama Beijing walimwita kwa kazi aliyofanya. Vilemba havikuifanya kazi hiyo, lakini pia hakuna aliyepata nafasi ya kumchanganya na mtu mwingine.

Ni vizuri kutozidisha hapa, kwa sababu mitandaoni kuna wauzaji wanaodai nguo itambadilisha mtu ndani. Mwaka 2012 watafiti wawili Marekani, Hajo Adam na Adam Galinsky, waliripoti kwamba watu waliovaa koti jeupe walilolijua kuwa la daktari walikuwa makini zaidi kwenye majaribio. Habari hiyo ikazunguka dunia. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio la kwanza kwa watu wengi zaidi, wasione tofauti hiyo. Gauni halimpi mama akili mpya. Linachofanya ni kidogo na kinatosha: linaondoa shughuli ya kuvuta, kufunika na kujibanza, hivyo akili aliyonayo inabaki na nafasi ya kusikiliza kikao na kunyanyua mkono.

Mjane ana njia yake ya pekee. Amevaa nguo za msiba kwa muda ambao familia imeona unafaa, na siku ya kuzivua huwa na watu wengi na maneno mengi. Asubuhi inayofuata huwa hakuna mtu. Amezoea kwa miaka thelathini kuvaa akijua kuna atakayesema "umependeza" au atakayenyamaza, na sasa kioo kiko peke yake. Wengine hukaa na khanga ya msiba mwaka mwingine mzima kwa sababu hiyo tu. Shoga anayempitia siku ya gulio na kumwambia "twende tukachague kitambaa" amemsaidia kuliko mahubiri mengi, hasa akiwa na subira ya kusimama kando wakati mwenzake anagusa jora baada ya jora bila kusema kitu.

Kwa fundi, siku ya kupokea gauni, mambo huwa ya kawaida sana. Pazia la khanga linavutwa. Mama anavaa, anainua mikono yote miwili kama anayeanika nguo, anainama kama anayeokota kuni, kwa sababu nguo isiyoruhusu hayo mlimani haina kazi. Fundi anaweka pini mbili kwenye pindo. Kisha anauliza swali ambalo hakuna kamati ya sare iliyowahi kuliuliza: "Mama, nikuwekee na mfuko?"

Anafikiri kidogo. Kuna simu, kuna nauli, kuna miwani ya kusomea ambayo kila siku anaisahau.

"Weka miwili," anasema. "Na kiwe kirefu hiki cha kulia."